Kaimu wa Miaka 35

Vitabu viwili vikongwe zaidi vya historia ya Japani vilivyosalia vinaishia kwa mwanamke. Kojiki, kilichokamilika mwaka wa 712, kinafunga na utawala wa Suiko. Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka wa 720, kina juzuu 30, na ile ya mwisho yote ni ya Jitō. Halafu angalia ni nani aliyepelekewa vitabu hivyo vikiwa bado vinanukia wino. Cha kwanza alipelekewa Genmei, mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Cha pili alipelekewa Genshō, binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kile kile. Kwa hivyo ukikutana na mtu anakwambia ati kiti cha Japani tangu mwanzo ni mambo ya wanaume, muulize kwa upole: hiyo historia umeisoma kwenye kitabu gani, na kitabu chenyewe kiliandikiwa nani?

Mimi nimekisoma Nihon Shoki kwa simu, kwa tafsiri ya Kiingereza ya W. G. Aston, mwanadiplomasia Mwingereza aliyeichapisha mwaka wa 1896. Ni ya kale kiasi kwamba iko mtandaoni bure, jambo linalomfaa sana mtu kama mimi aliyeachana na chuo kabla ya kumaliza na hana kadi ya maktaba yoyote ya maana. Sina mhadhiri wa kuniambia nisome sura gani niruke gani. Nilisoma zote, hata zile za kuchosha zinazoorodhesha nani alipewa cheo gani siku gani.

Nikiwa katikati ya kusoma, nilikuwa pia natafuta maelezo ya watu wengine kuhusu hawa watawala wanawake. Na karibu kila mahali nilikutana na neno moja: nakatsugi. Maana yake ni kiungo cha katikati, kitu kinachoshikanisha kilichotangulia na kinachofuata. Kwa Kiswahili cha ofisini tungesema kaimu. Na sisi Wakenya kaimu tunamjua. Ana ofisi, ana sahihi, ana dereva, lakini kila mtu kwenye korido anajua kiti si chake. Anamshikia mtu. Akianza kubadilisha mapazia watu wanaangaliana.

Maelezo yenyewe ni haya: wanawake walitawala Japani ya kale pale tu ambapo mwanamume anayestahili alikuwa bado mtoto, au wanaume walikuwa wanagombana, basi mjane wa mfalme au binti akawekwa pale kulinda kiti hadi mambo yatulie. Kati ya mwaka wa 592 na 770, wanawake sita walitawala, na wawili kati yao walirudi kiti mara ya pili, kwa hivyo ni tawala nane. Wote sita wanafungiwa kwenye hilo neno moja.

Ugomvi wangu na neno hilo ni ugomvi wa msomaji. Linakuondolea kazi ya kusoma. Ukishaambiwa huyu alikuwa kaimu, hutauliza tena alifanya nini, maana kaimu hafanyi kitu, anangoja. Na ukirudi kwenye kitabu chenyewe, hawangoji.

Chukua Suiko, wa kwanza wao. Mwaka wa 592 mtawala Sushun aliuawa kwa amri ya Soga no Umako, waziri mkuu ambaye ukoo wake ndio ulikuwa na nguvu zote. Umako huyo huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya kutawazwa kwa Suiko. Suiko alikuwa binti wa mtawala Kinmei, mjane wa mtawala Bidatsu, na Umako alikuwa mjomba wake. Kila kitu kinanukia kaimu, nakubali. Halafu akatawala miaka 35.

Miaka 35, wasomaji. Kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, wote chini ya kaimu mmoja.

Sifa za enzi yake mara nyingi hupewa mpwa wake, Mwanamfalme Shōtoku: katiba ya vifungu 17 ya mwaka wa 604, ujumbe uliopelekwa Uchina kwa nasaba ya Sui mwaka wa 607. Sawa, tumpe. Lakini Shōtoku alifariki mwaka wa 622, na Suiko akabaki kwenye kiti miaka sita zaidi. Mwaka wa 624, Shōtoku hayupo tena, Umako anamtumia Suiko ujumbe: anaomba apewe wilaya ya Kazuraki, ati ndiko asili yake. Jibu la Suiko ni mojawapo ya sehemu nzuri zaidi za kitabu hicho kizima. Anaanza kwa kukiri kwamba yeye ni mtoto wa ukoo wa Soga kwa upande wa mama, kwamba Umako ni mjomba wake, kwamba akisema neno usiku halifiki asubuhi kabla halijatekelezwa. Halafu anamkatalia. Anasema akitoa wilaya hiyo, watawala watakaokuja watasema mwanamke mjinga alikalia nchi na wilaya ikapotea mikononi mwake, na lawama haitakuwa yake peke yake, mjomba naye ataonekana hana uaminifu.

Soma tena ujanja wa jibu hilo. Anajua tayari historia itamwita nani. Anajua neno "mwanamke" litawekwa kando ya neno "mjinga" hata kama kosa ni la mwanamume aliyeomba. Basi analichukua tusi hilo la kesho na kulifanya ngao ya leo, mbele ya mtu aliyewahi kuamuru mtawala auawe. Na kitabu kinasema hakukubali, basi. Kaimu gani huyo anayemnyima aliyemweka?

Wa pili ni Kōgyoku, aliyetawala kuanzia mwaka wa 642. Mwaka huo huo kulikuwa na ukame. Mkuu wa Soga wa wakati huo, Emishi, akakusanya watawa wa Kibuddha wasome maandiko, yeye mwenyewe akishika chetezo. Wakapata manyunyu tu. Kisha Kōgyoku akaenda mtoni, akapiga magoti, akaomba akielekea pande nne za dunia, akatazama juu. Ngurumo, halafu mvua siku tano. Unaweza kuamini mvua hiyo au usiamini, hiyo ni juu yako. Ninachoangalia mimi ni mwandishi anafanya nini na hadithi: anaweka waziri mwenye nguvu na mtawala mwanamke kwenye mizani moja, na mizani inalala upande wa mwanamke. Mtu anayeandika kuhusu mshikilia kiti hahitaji kumpa mbingu.

Mwaka wa 645 mwanawe, Naka no Ōe, alimkatakata mwana wa Emishi, Iruka, kwa upanga mbele ya macho ya mama yake. Siku mbili baadaye Kōgyoku aling'atuka, na kiti kikaenda kwa ndugu yake, Kōtoku. Sasa hapa ndipo napenda tukae kidogo. Mwaka wa 653 Naka no Ōe alimwambia Kōtoku kwamba wahame kutoka Naniwa warudi Yamato. Kōtoku akakataa. Naka no Ōe akahama tu. Akaondoka na mama yake, akaondoka na maofisa, akaondoka hata na mke wa Kōtoku, ambaye alikuwa dada yake. Mtawala wa Japani akabaki kwenye jumba lake karibu peke yake, na mwaka uliofuata akafa.

Kama kuna mtu kwenye kitabu hiki chote ambaye kiti hakikuwa chake, ni huyo. Lakini Kōtoku haitwi nakatsugi. Anaitwa mtawala wa 36. Kumbe neno kaimu halipimi nguvu za mtu, linaangalia jinsia yake kwanza halafu linatafuta sababu.

Baada ya Kōtoku, mwaka wa 655, dada yake alirudishwa kwenye kiti na leo anajulikana kwa jina la Saimei. Na kitabu kinamchana. Alipenda ujenzi. Alichimba mfereji mrefu, akatumia mashua 200 kubeba mawe ya kujenga kuta, na watu wakaubandika mfereji huo jina la wazimu. Nihon Shoki kinahesabu hasara: nguvukazi ya watu zaidi ya 30,000 kwa mfereji, zaidi ya 70,000 kwa ukuta. Wanaakiolojia waliochimba Asuka wamekuta kazi kubwa za mawe za enzi hiyo, pamoja na beseni la jiwe lenye umbo la kobe lililofukuliwa mwaka wa 2000, kwa hivyo si porojo tupu. Alifariki mwaka wa 661 huko Kyushu, mzee tayari, akiwa safarini na majeshi kwenda kuusaidia ufalme wa Baekje wa Korea.

Lawama hizo nazipenda kuliko sifa. Mtawala mbaya analaumiwa kama mtawala. Hakuna anayeandika hesabu ya mawe ya kaimu.

Kisha Jitō, mjane wa Tenmu, na hapa upande wa pili una hoja nzito. Mumewe alipofariki mwaka wa 686, Jitō alishika serikali. Ndani ya muda mfupi Mwanamfalme Ōtsu, mtoto wa Tenmu kwa mke mwingine, akashtakiwa uasi na kufa. Mtoto wa Jitō mwenyewe, Kusakabe, akafariki mwaka wa 689. Jitō akatawazwa mwaka wa 690, na mwaka wa 697 akampa kiti mjukuu wake, Monmu. Hapo wanaosema kaimu wanapiga makofi: si mnaona, alikuwa anamshikia mjukuu!

Ndiyo, alitaka mjukuu arithi. Lakini huku akimshikia alifanya nini? Sheria za Kiyomihara zikasambazwa mwaka wa 689. Mwaka wa 690 watu wakaandikishwa nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 694 akahamia Fujiwara, mji mkuu wa kwanza wa Japani uliopimwa kwa mitaa iliyonyooka kama miji ya Uchina. Halafu Monmu alipotawazwa alikuwa mvulana wa miaka kama 14, na nyanya yake akabaki kando yake kama mtawala mstaafu, akiendelea kutawala naye. Wanahistoria kama Yoshie Akiko wameeleza kwamba zamani hizo watu walipewa kiti wakiwa watu wazima, wa miaka 40 hivi, wake kwa waume, kwa sababu kilichotakiwa kwanza ni uzoefu. Kwa mpango huo, mgeni kwenye kiti mwaka wa 697 ni mvulana. Ukinilazimisha nimtafute aliyekuwa akishikiliwa mkono, siangalii upande wa nyanya.

Monmu alifariki mapema, mwaka wa 707, akiacha mtoto mdogo, Obito. Mama yake Monmu akachukua kiti: huyu ndiye Genmei. Akatoa sarafu mwaka wa 708, akahamishia mji mkuu Nara mwaka wa 710, akapokea Kojiki mwaka wa 712, na mwaka wa 713 akaagiza kila mkoa uandike ripoti ya ardhi yake, majina ya mahali na hadithi za wazee. Mwaka wa 715 aling'atuka.

Sasa fanya hesabu nami. Obito alizaliwa mwaka wa 701. Mwaka wa 715 alikuwa na miaka 14. Tayari alikuwa ametangazwa mrithi. Baba yake, Monmu, alitawazwa akiwa na umri huo huo. Kama kazi ya Genmei ilikuwa kushika kiti mpaka mvulana akue, basi mvulana alikuwa amefika. Genmei akasema bado ni mdogo, na akampa kiti binti yake, Genshō, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa. Mama akampa binti. Kaimu akampa kaimu, kwa miaka mingine tisa.

Wanaotetea ukoo wa kiume wana jibu: Genshō alihesabiwa kupitia baba yake, Kusakabe, aliyekuwa mwana wa Tenmu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Wote sita walikuwa na damu ya kifalme kwa upande wa baba, na hakuna aliyepitisha kiti kwa mtoto aliyezaliwa na mwanamume wa nje ya ukoo. Sitaki kuwageuza kuwa watu wa karne yetu. Lakini Kusakabe hakutawala hata siku moja. Genshō alipokea kiti kutoka kwenye mikono ya mtu, na mikono hiyo ilikuwa ya mama yake. Tena sheria za Yōrō, zilizoanza kuandikwa wakati wa Genshō, zikitaja hadhi ya watoto na ndugu za mtawala, zinaongeza kidokezo kwamba watoto wa mtawala mwanamke ni vivyo hivyo. Aliyeandika sheria hiyo hakuwa anafikiria ajali. Alikuwa anafikiria jambo linaloweza kutokea tena.

Msomaji makini ataniuliza: kama kitabu kiliandikwa kwenye jumba la Genshō, mjukuu wa Jitō, si lazima kiwasifu wanawake wa nyumba hiyo? Swali zuri. Kuna hata wanaoona kwamba hadithi ya mungu wa kike Amaterasu kumtuma mjukuu wake ateremke kutawala dunia inafanana mno na Jitō kumpa Monmu kiti. Nihon Shoki ni kitabu cha wenye nguvu, sikisomi kama shahidi aliyekula kiapo. Lakini hilo linaniunga mkono. Wenye nguvu walipotaka kujieleza kwa watu wa baadaye, hawakuona haya kusema: tulitawaliwa na wanawake, huyu alileta mvua, huyu alipoteza mawe, huyu alimnyima mjomba wake ardhi. Haya yalikuja baadaye.

Na yalipokuja, yaligusa hata orodha. Nihon Shoki kinampa Jingū juzuu nzima, ya tisa, akitawala kama msimamizi baada ya mumewe kufa. Kitabu hakisemi alitawazwa, ni kweli, na wasomi wengi humchukulia kuwa hadithi zaidi ya mtu. Mwaka wa 1881 sura yake ilichapishwa kwenye noti ya yeni moja, ikiwa imechorwa na Mwitaliano, Edoardo Chiossone, na kwa kweli anafanana na dada wa Kiitaliano. Lakini kwenye orodha rasmi ya watawala hayumo. Aliye namba moja ni Jimmu, ambaye Nihon Shoki kinasema aliishi miaka 127, na Kojiki kinasema 137. Naye Mwanamfalme Ōtomo, aliyekufa mwaka wa 672 baada ya miezi michache ya kugombania kiti na Tenmu, aliongezwa kwenye orodha mwaka wa 1870 na kupewa jina Kōbun. Karibu miaka 1,200 baadaye! Kwa hivyo hadithi ya mwanamume ilibaki, miezi ya mwanamume mwingine ikahesabiwa, na juzuu nzima ya mwanamke ikakaa nje. Orodha ni maandishi. Ina wahariri.

Mwisho wa enzi hiyo ni wa Kōken, binti aliyetangazwa mrithi rasmi mwaka wa 738, mwanamke wa kwanza kuandaliwa hivyo. Hakumshikia mtu yeyote. Alitawala, aking'atuka, akarudi mwaka wa 764 akimwondoa aliyemfuata, na leo utawala wake wa pili unaitwa Shōtoku. Tusimchanganye na yule mwanamfalme. Mwaka wa 769 ofisa mmoja, Wake no Kiyomaro, alileta jibu la mungu Hachiman kwamba mtawa Dōkyō, kipenzi cha mtawala, asipewe kiti. Jina Kiyomaro lina neno la usafi ndani yake. Mtawala akamfukuza na kumbadilisha jina kuwa Kitanamaro, lenye neno la uchafu. Alijua nguvu ya majina. Alifariki mwaka wa 770, na mwanamke mwingine hakukalia kiti hicho hadi mwaka wa 1629.

Sheria ya mwaka wa 1889 iliufunga mlango kabisa, na ya mwaka wa 1947 ikauacha umefungwa. Mtawala wa sasa, Naruhito, ana mtoto mmoja, Aiko, aliyezaliwa mwaka wa 2001, rika la wengi wetu tunaosoma hapa. Haruhusiwi kurithi. Mabishano ya kumruhusu yakianza, neno nakatsugi hutolewa kabatini: wale wa zamani walikuwa kaimu tu, hawahesabiki. Neno moja la ufafanuzi linamzuia mtu aliye hai.

Kwa hivyo turudi kwa Suiko, kwenye siku zake za mwisho mwaka wa 628. Kazi pekee ya kaimu ni kukabidhi. Suiko aliwaita wanawafalme wawili, kila mmoja kwa zamu, akawaambia maneno ambayo kila upande uliyaelewa ulivyotaka, na alipokufa wakuu wakagombana juu ya alimaanisha nani. Kuhusu kiti hakuacha jina. Kuhusu kaburi lake aliacha amri iliyonyooka: mazao yamekataa miaka hii, watu wana njaa, asijengewe kaburi kubwa, azikwe katika kaburi la mwanawe Takeda. Na kitabu kinasema alizikwa humo.